Lishe na Mazoezi kwa Kijana Mwenye Usonji: Hatua Ndogo Zidumuzo

Achukuliwe, kwa ajili ya somo hili, mfano wa kijana wa miaka 14 mwenye usonji. Asubuhi hunywa chai ya rangi na mkate mweupe. Mchana hula chipsi, na jioni wali mweupe usio na mchuzi. Matunda hayagusi, na mboga ikiwekwa kando ya wali wake huisukuma sahani nzima. Amekula hivyo kwa miaka mingi, na nyumba nzima imezoea. Kisha, katika muda wa wiki chache, anaanza kukataa kutembea kwenda shuleni. Hukaa chini njiani na kulia. Hana maneno ya kueleza kinachomsibu. Jirani anasema anadeka; mwalimu anadhani anaikimbia shule; babu anashauri akazwe. Hakuna aliyetazama fizi zake, ambazo zimevimba na hutoka damu kila anapopiga mswaki.

Kijana huyo si mkaidi. Maumivu ya miguu pamoja na fizi zinazovuja damu ni dalili za kiseyeye, ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C. Wengi huudhani kuwa ugonjwa wa mabaharia wa kale, lakini madaktari wa nchi mbalimbali wameueleza kwa watoto na vijana wenye usonji ambao chakula chao kilikuwa cha aina chache mno. Baadhi yao walipimwa vipimo vingi kabla ya mtu kuuliza swali moja jepesi: anakula nini? Ugonjwa huu hutibika, na maumivu huanza kupungua ndani ya siku chache mgonjwa apatapo vitamini hiyo. Pera moja kwa siku lingetosha kuuzuia.

Somo hili linaeleza jinsi familia, walimu na wahudumu wanavyoweza kumsaidia kijana wa namna hiyo kula vizuri zaidi na kuutumia mwili wake, bila vita mezani na bila viboko njiani.

Usonji ni nini, na unahusianaje na chakula

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayojitokeza utotoni na kuendelea maishani. Hauletwi na malezi mabaya, laana wala uchawi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 takribani mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mwenye hali hiyo huweza kupata ugumu katika mawasiliano na mahusiano, hupenda utaratibu usiobadilika, na mara nyingi hisia zake za sauti, mwanga, harufu, ladha na mguso ni kali kuliko za wengine, au hafifu kuliko za wengine.

Ugumu wa kula haukugunduliwa jana. Daktari Leo Kanner, aliyeieleza hali hii nchini Marekani mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11, aliandika kuwa baadhi yao walisumbua katika kula tangu uchanga. Sababu zake zinaeleweka zaidi leo.

Kwanza ni hisia. Mlenda unaoteleza, mfupa mdogo wa samaki usiotarajiwa au harufu ya dagaa jikoni ni mambo madogo kwa mtu mwingine, lakini kwa kijana huyu huweza kuwa kama kuguswa na moto. Pili ni haja ya uhakika. Kipande cha mkate kina ladha ileile leo na kesho. Embe hubadilika kutoka chachu hadi tamu, kutoka gumu hadi laini. Ndiyo maana vyakula vikavu, vyeupe na visivyobadilika huchaguliwa mara nyingi. Tatu ni mwili usiotoa taarifa vizuri: wapo vijana wasiohisi njaa, shibe au kiu mpaka imezidi. Nne ni maradhi yasiyosemwa. Jino linalouma, vidonda vya koo, kiungulia au choo kigumu huweza kumfanya asiyezungumza akatae chakula alichokipenda jana. Kwake, sahani iliyorudishwa ni lugha.

Katika nyumba nyingi upo pia ugumu wa mazingira. Kula pamoja katika sinia moja ni desturi nzuri inayounganisha ndugu, lakini mikono mingi, mazungumzo ya sauti na mchuzi uliochanganyika na wali huweza kumshinda kijana huyu. Kumpa sahani yake, mahali pake palepale, na mchuzi katika bakuli la pembeni si kumdekeza wala kuvunja adabu. Ni kumwezesha kukaa na wenzake.

Mahitaji ya mwili unaobalehe

Kati ya miaka 10 na 19 mwili hurefuka kwa kasi, mifupa hukomaa na wasichana huanza kupoteza damu kila mwezi. Chakula kilichomtosha mtoto wa miaka 7 hakimtoshi tena. Kijana mwenye usonji anahitaji kile ambacho kijana mwingine yeyote anahitaji: chakula cha wanga, mikunde, vyakula vitokanavyo na wanyama, mboga, matunda na mafuta kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa walio na umri wa miaka 10 na kuendelea.

Pale ambapo aina za vyakula ni chache, virutubisho vinne hupaswa kuangaliwa kwa karibu. Vitamini C hupatikana katika mapera, machungwa, mapapai na ubuyu. Kwa kuwa hupungua kwa kupikwa, tunda bichi lina faida zaidi. Vitamini A, ambayo ukosefu wake huanza kwa kutoona vizuri gizani na huweza kuishia katika upofu, hupatikana katika viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa, karoti, maembe yaliyoiva, maini na mboga za kijani. Madini ya chuma yamo katika nyama, maini, dagaa na maharage. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini hayo kufyonzwa, hivyo ni vema ikae mbali na mlo. Madini ya kalisi, kwa ajili ya mifupa, yamo katika maziwa na katika dagaa wanaoliwa wazima.

Kijana anayekula udongo, chaki au makaa apelekwe kupimwa damu na minyoo. Tabia hiyo huweza kuambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huweza kumtia minyoo au sumu ya risasi.

Upo pia upande wa pili wa mizani. Vijana wengi wenye usonji huongezeka uzito kupita kiasi kwa sababu ya chipsi, biskuti na soda pamoja na kukaa muda mrefu. Chupa moja ya soda ya mililita 350 huweza kuwa na zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai. Baadhi ya dawa huchangia. Risperidoni na aripiprazoli, ambazo hutolewa kupunguza hasira kali na tabia ya kujiumiza, huweza kuongeza hamu ya kula na uzito, hasa risperidoni. Mzazi asiikatishe dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Aombe kijana apimwe uzito mara kwa mara na amweleze daktari mabadiliko anayoyaona.

Kuanzia pale alipo

Kosa la kawaida ni kuanza na chakula ambacho familia inakitaka. Njia ifaayo huanza na chakula ambacho kijana tayari anakikubali.

Kwa siku saba mlezi aandike katika daftari kila kinacholiwa na kunywewa, saa na mahali. Mwishoni mwa wiki ajiulize: ni kitu gani kinachoviunganisha vyakula hivi? Ni weupe wake? Ukavu? Mlio wake vinapotafunwa? Kijana wa mfano huu hula mkate, chipsi na wali. Vyote havina mchuzi, na chipsi huzipenda zikiwa kavu. Hapo ndipo daraja linapojengwa.

Hatua ya kwanza, chipsi zile zile zipikwe nyumbani na kuwekwa katika sahani ile ile. Akizizoea, kipande kimoja cha kiazi lishe, kilichokatwa kwa umbo na unene ule ule na kukaangwa hadi kikauke, kiwekwe ukingoni mwa sahani. Haombwi kukila. Siku nyingine atakivumilia. Siku nyingine atakigusa, atakinusa, pengine atakilamba na kukirudisha. Kila kimoja cha vitendo hivyo ni maendeleo na kihesabiwe hivyo. Chakula kipya huweza kuhitaji kuonekana mara 10, mara 15 au zaidi kabla ya kumezwa. Kipande kimoja kikikubaliwa huongezwa cha pili, mpaka nusu ya sahani iwe ya rangi ya chungwa. Kijana aliyeanza na chipsi nyeupe atakuwa amepata chanzo cha vitamini A. Baadaye kiazi hicho kinaweza kupikwa kwa mafuta machache zaidi.

Matunda huchaguliwa kwa mtindo huo huo. Apendaye kutafuna vitu vigumu aanze na pera lisiloiva sana au embe bichi. Apendaye laini aanze na papai au parachichi. Asiyekubali tunda lenyewe huenda akakubali juisi ya ubuyu isiyo na sukari nyingi, ikiwa katika kikombe chake. Ugali wa sembe huweza kuongezewa kijiko kimoja cha unga wa dona, kisha viwili, kwa wiki kadhaa. Soda hupunguzwa kwa kipimo: bilauri ile ile, saa ile ile, ila kinywaji kikipungua kidole kimoja kila wiki, na maji yakiwekwa pembeni.

Mabadiliko yafanywe moja kwa wakati, na kijana aelezwe. Picha tatu zilizochorwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, zikionyesha kinacholiwa asubuhi, mchana na jioni, humsaidia kujua kinachokuja. Akiweza, ashirikishwe kuosha mboga, kupepeta mchele au kuchagua sokoni kati ya matunda mawili. Mkono uliozoea kitu hukitangulia kinywa.

Yasiyofaa

Wapo wasemao kuwa njaa itamfundisha. Kwa watoto wengi njaa hushinda; kwa kijana mwenye usonji huenda isishinde, naye akaishia hospitalini. Kumlazimisha, kumfungua kinywa au kumpiga humfundisha kuwa mlo ni hatari.

Kumficha mboga ndani ya wali kwa siri nako kuna gharama. Akigundua, huweza kuuacha hata wali wenyewe, na familia ikapoteza mojawapo ya vyakula vichache alivyobakiwa navyo. Vilevile chakula pekee anachokipenda kisifanywe adhabu ya kunyimwa wala zawadi ya kila dakika. Mwalimu amtulizaye kwa biskuti mara sita kwa siku humharibia hamu ya mlo na meno pia. Zawadi iwe muda wa kusikiliza muziki, kuzungusha gurudumu au kitu kingine akipendacho.

Wazazi wengi pia huambiwa kuwa kuondoa ngano na maziwa kutauondoa usonji. Tafiti zilizofanywa hazijatoa ushahidi wa kutosha wa dai hilo, na mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2013 unashauri vyakula hivyo visiondolewe kwa nia ya kutibu dalili kuu za usonji. Kwa kijana mwenye vyakula vitano tu, kumwondolea mkate na maziwa ni kumpunguzia nguvu na kalisi. Mwenye mzio au ugonjwa wa utumbo uliothibitishwa ana sababu tofauti, nayo husimamiwa na daktari.

Mazoezi: njia ile ile, saa ile ile

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza kuwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, wakiwemo wenye ulemavu, wapate kwa wastani dakika 60 kwa siku za shughuli za mwili za kiwango cha kati au cha juu, na angalau siku tatu kwa wiki zihusishe kukaza misuli na mifupa. Dakika hizo si lazima zifuatane. Tena mwongozo huo unasisitiza kuwa kidogo ni bora kuliko kutofanya lolote.

Vijana wengi wenye usonji huachwa nje ya uwanja. Mpira wa miguu unadai kuelewa wenzake wanataka nini kwa haraka, kuvumilia kelele na filimbi, na kugongana miili. Baadhi yao pia huwa na ugumu wa kulinganisha mikono na miguu. Kushindwa mpira si kushindwa mazoezi. Kutembea, kukimbia polepole, kuruka kamba, kuendesha baiskeli na kucheza ngoma ni shughuli zinazorudia mwendo mmoja, nazo humfaa mtu apendaye utaratibu.

Kinachosaidia ni mwanzo na mwisho unaoonekana. Badala ya kusema "tutembee kidogo," mlezi aseme: mpaka kwenye mwembe na kurudi. Badala ya kusema "kimbia," aweke mawe matano ndani ya kopo; kila mzunguko kijana huhamisha jiwe moja kwenda kopo la pili, na kopo likiisha zoezi limekwisha. Waanze kwa dakika 10 saa ya jioni jua lipungukapo, kisha waongeze dakika mbili au tatu kila wiki. Viatu visivyobana na nguo isiyowasha vichaguliwe kabla, maana mshono unaokwaruza huweza kuivunja safari nzima. Kwa kuwa huenda hahisi kiu, maji yanywewe kwa ratiba: kabla, katikati na baada.

Kazi za nyumbani nazo ni mazoezi. Kubeba ndoo ya maji isiyomzidi, kutwanga, kumwagilia bustani na kusukuma toroli hukaza misuli, na vijana wengi hutulia baada ya kazi ya kusukuma au kubeba. Ila mzigo uwe wa haki, kama wa ndugu zake. Mazoezi ya mchana huweza pia kumsaidia kulala vizuri usiku, na usingizi wa kijana ni pumziko la nyumba nzima.

Maji yanahitaji tahadhari ya pekee. Wapo watoto na vijana wenye usonji ambao huondoka nyumbani bila kuaga, na wengi huvutwa na maji. Kuzama ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vyao katika nchi ambako jambo hili limechunguzwa. Katika vijiji vilivyo karibu na ziwa, mto, bahari au lambo, majirani waelezwe, visima vifunikwe, na kijana afundishwe kuogelea panapopatikana mwalimu. Hata ajuaye kuogelea asiachwe peke yake, hasa kwa kuwa kifafa hutokea zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine.

Shuleni, mwalimu wa michezo anaweza kumpa kijana nafasi yenye kazi moja iliyo wazi: kuhesabu mizunguko, kurusha tufe au kukimbia katika mstari wa pembeni. Hiyo si fadhila. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inataka watoto wenye ulemavu washiriki michezo sawa na wenzao, ikiwemo michezo ya shuleni.

Wapi pa kwenda

Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Huko kijana apimwe uzito na urefu, na vipimo hivyo viandikwe ili vilinganishwe baada ya miezi mitatu. Mzazi aende na daftari la siku saba, litamweleza mganga mengi kuliko maneno "hali vizuri." Akiwa anaogopa foleni, mzazi aulize saa ambayo watu ni wachache, na amwonyeshe kijana picha ya mizani siku moja kabla. Afisa Lishe wa Halmashauri hushauri kuhusu mlo kwa vyakula vya mahali hapo. Afisa Ustawi wa Jamii huiunganisha familia na huduma nyingine. Idara ya Elimu, kupitia wahusika wa elimu maalumu, hushughulikia nafasi ya kijana shuleni.

Kijana apelekwe bila kusubiri endapo anapungua uzito, anaacha vyakula alivyokuwa akivikubali, fizi zake zinavuja damu, anakataa kutembea, haoni vizuri gizani, hupaliwa mara kwa mara, ana damu katika choo au hajapata choo kwa siku kadhaa. Akikataa vinywaji vyote kwa siku nzima, hiyo ni dharura.

Kazi ya wiki hii kwa familia

1. Kuandika daftari la chakula kwa siku saba bila kubadili chochote.
2. Kutazama fizi na meno ya kijana kwenye mwanga, akiwa ametulia.
3. Kuchagua chakula kimoja kipya kinachofanana na kile anachokipenda, na kukiweka ukingoni mwa sahani bila kumwambia akile.
4. Kuchagua njia moja ya kutembea yenye mwisho unaoonekana, na kuifuata saa ile ile kwa siku tano.
5. Kukubaliana na wote nyumbani, babu na bibi wakiwemo, kuwa hakuna atakayelazimisha.

Haba na haba hujaza kibaba. Kijana wa mfano huu hatakula kisamvu mwezi ujao, na pengine hatakula kamwe. Lakini kipande cha pera asubuhi kinaweza kumrudisha njiani kwa miguu yake mwenyewe, mpaka kwenye mwembe, na kisha mpaka shuleni.